Bunduki nyepesi, teke zito: Kabla hujanunua, uliza sikio la Mjomba

MIMI ni mtu wa mpira. Niamshe saa tisa usiku uniulize uzito wa mpira wa mechi, nitakujibu bila kufungua macho: gramu 410 mpaka 450. Lakini ungeniuliza uzito wa bunduki ya kuwindia, mpaka mwezi uliopita ningekujibu tu kwamba ni nzito, halafu ningegeukia ukutani na kuendelea kulala.

Ligi iliposimama nikapanda basi kwenda Itigi, mkoani Singida, kumsalimia mjomba wangu. Wengi mnaijua Itigi kama stesheni ya Reli ya Kati. Watu wa porini wanaijua kwa mambo mengine mawili: vichaka vyake vizito, ambavyo mtu akiingia hatua ishirini humuoni tena, na njia inayoteremka kusini kwenda Pori la Akiba Rungwa. Huko Rungwa Mjomba amekula zaidi ya miaka ishirini akiwa mfuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji wa kitalii. Yeye ndiye anayetangulia, macho chini, akisoma mchanga na majani. Nyuma yake wanafuata mwindaji bingwa, mgeni aliyelipia leseni na askari wa wanyamapori.

Nilikwenda nikitegemea kuku wa kienyeji na usingizi wa kutosha. Nikakuta kesi.

Binamu yangu, mtoto wa kwanza wa Mjomba, anajifunza kazi kwa wawindaji bingwa. Amejinyima, amekusanya hela yake, na anataka bunduki yake ya kwanza kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa Julai 1. Yaani wakati sisi huku tunakimbizana na tetesi za usajili, yeye naye yuko kwenye dirisha lake. Simu yake ilikuwa inazunguka mezani ikionyesha picha ya bunduki kama vile anaonyesha picha ya mchumba.

“Dogo, hebu ona,” akaniambia. “Kilo mbili na gramu mia mbili! Hii unatembea nayo kutwa nzima, jioni hujui kama ulibeba kitu.”

Mjomba aligeuza kichwa, akamwomba arudie, kisha akacheka kidogo.

“Mpwa wangu,” akaniambia, “wewe ndiye mtu wa usajili. Kuna kocha anamsajili straika kwa picha?”

Nikajua hapo nimeshapewa filimbi, nichezeshe mechi.

KOMEO LA MLANGO

Tuanze na kitu chenyewe. Bunduki inayozungumzwa ni ile ya komeo. Pembeni mwake ina mkono mdogo wa chuma unaofanya kazi kama komeo la mlango. Unauinua, unauvuta nyuma, ganda la risasi uliyopiga linaruka nje. Unausukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Unauteremsha, mlango umefungwa. Kila risasi unaifanyia kazi kwa mkono wako.

Mjerumani Paul Mauser ndiye aliyeufikisha mfumo huu kwenye ubora wake, na muundo wake wa mwaka 1898 bado unaigwa mpaka leo. Una ukucha mkubwa wa chuma unaoidaka risasi tangu inapotoka kwenye magazini na hauiachii mpaka ganda litoke. Jina la Mauser si geni katika ardhi hii. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914, askari wengi wa jeshi la Mjerumani hapa kwetu walikuwa bado na bunduki zake za zamani, toleo la 1871, za baruti yenye moshi mzito. Ukipiga tu, wingu linamwonyesha adui mahali ulipolala.

Mwindaji anaipenda bunduki ya komeo kwa sababu ina vipande vichache vya kuharibika, inafunga kwa nguvu na inalenga vizuri. Tatizo la miaka yote limekuwa uzito. Ukichukua chuma kigumu, mti mzito wa kitako na darubini juu, unafika kilo nne bila kushtuka.

Mjomba anasema siku ya kawaida ya kufuata nyayo ni kilomita 15, nyingine 20. Ongeza jua la Oktoba na mbung'o wanaokuuma mpaka juu ya shati. Kila gramu unaijua kwa jina lake. Hapo Binamu ana hoja, na refa asiyekubali hoja nzuri hafai. Mtu aliyechoka mikono inatetemeka, na mikono inayotetemeka haipigi mahali.

MBIO ZA KUPUNGUZA KILO

Watengenezaji waliliona hilo zamani. Mwaka 1952 Winchester wa Marekani walitoa toleo jepesi la bunduki yao maarufu ya Model 70, wakaliita Featherweight, yaani lenye uzito wa unyoya. Unyoya wenyewe ulikuwa na kama kilo tatu, lakini kwa wakati ule zilikuwa habari kubwa.

Miaka ya 1980 Mmarekani mwingine, Melvin Forbes wa West Virginia, akaja na wazo jipya. Badala ya kuchongachonga mtutu tu, alitengeneza kitako cha nyuzi za Kevlar na grafaiti, kigumu lakini chepesi, kilichoukumbatia mtutu mpaka mwisho wake. Bunduki nzima, bila darubini, ikawa na kilo 2 na ushee. Leo Kimber wanayo Mountain Ascent ya kama kilo 2.2, ya watu wanaopanda milima kufuata mbuzi na kondoo mwitu. Wafini wa Tikka, kwa T3x Lite yao, wako karibu na kilo tatu.

Sasa swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: huo uzito umetolewa wapi? Kama umetolewa kwenye kitako, kwa kuacha mti na kutumia nyuzi za kaboni, hujapoteza kikubwa. Kitako hicho hakivimbi kwa mvua wala hakipindi kwa jua. Kama umetolewa kwa kufupisha sehemu ya komeo ili itoshee risasi fupi, nayo sawa. Ganda la risasi ya .308 lina urefu wa milimita 51, wakati la .30-06 lina milimita 63. Risasi fupi, komeo fupi, gramu kadhaa zimeondoka bila ugomvi.

Lakini kama umetolewa kwenye mtutu, angalia vizuri. Mtutu mwembamba unapata moto haraka, na risasi ya nne au ya tano inaweza isiende ilikokwenda ya kwanza. Kwa mwindaji hilo linavumilika, maana kazi yake ni risasi ya kwanza. Mtutu mfupi sana nao unapunguza mwendo wa risasi, kama mita sita mpaka tisa kwa sekunde kwa kila inchi moja unayokata, na unaongeza kelele. Hiyo kelele ikumbukwe, tutairudia.

MSKOTI ASIYEELEWEKA

Binamu alikuwa na shahidi wake, marehemu Walter Bell, yule Mskoti aliyezaliwa 1880 na kujulikana kwa jina la Karamojo kwa sababu ya kuwinda tembo Karamoja, Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita. Bell aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ya Rigby ya .275, risasi ambayo Wajerumani wanaiita Mauser ya milimita 7. Kwa tembo hiyo ni risasi ndogo mno.

“Kama Bell alimwangusha tembo na kibunduki,” Binamu akasema, “mimi nitashindwaje na swala?”

Nilidhani hapo Mjomba ameshikwa. Kumbe hiyo ndiyo pasi aliyokuwa anaisubiri.

Kwanza, leo ukimpiga tembo na .275 unakwenda jela. Hapa Tanzania wanyama hatari kama tembo na nyati wanahitaji bunduki isiyopungua .375, risasi iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Bunduki ya risasi hiyo huwa na kama kilo nne, na hakuna anayeilalamikia, kwa sababu ule uzito ndio unaolinda bega lako.

Pili, na hili ndilo watu wanaomtaja Bell wanaliruka, bunduki yake ile haikuwa nyepesi kupita kiasi. Bunduki za namna yake zilikuwa na kilo tatu na kitu. Chepesi kilikuwa teke lake. Risasi ndogo kwenye bunduki ya uzito wa kawaida inasukuma bega kistaarabu, na mpigaji haogopi. Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ajue ubongo umekaa wapi, kisha akawa anaweza kuiweka risasi pale pale alipotaka. Alichonunua ni utulivu. Ukichukua bunduki ya kilo mbili ukatia risasi kubwa, umefanya kinyume kabisa cha Bell.

MCHI NA MPINI WA JEMBE

Maneno yalipozidi, Mjomba akaagiza vifaa. Mkaza mjomba anauza asali, kwa hiyo mizani ya kuning'iniza ipo nyumbani. Tukapima mchi wa kutwangia: kilo 3.4. Tukapima mpini wa jembe: kilo 1.2. Kopo tupu la maziwa likawekwa juu ya nguzo ya banda la mbuzi.

“Kimbia mpaka barabarani urudi,” Mjomba akaniambia. “Usisimame kupumzika. Mnyama hakusubiri.”

Nikakimbia. Niliporudi, moyo unagonga kama ngoma ya mashabiki, nikapewa mpini niulenge kwenye kopo. Ncha yake ilicheza kila mahali: juu kwenye paa, chini kwa mbuzi, pembeni kwa jirani. Kila pigo la moyo lilionekana mbele. Nikakimbia tena, nikapewa mchi. Mkono uliuma haraka, sikatai, lakini kwa zile sekunde tano sita za mwanzo mchi ulitulia. Ulikuwa unatembea polepole, na polepole unaweza kuisubiri ipite kwenye kopo ndipo uvute.

Halafu tukaenda kwa miguu mpaka stesheni na kurudi, Binamu na mpini, mimi na mchi. Nilirudi na bega jekundu. Yeye alirudi anapiga mluzi.

Kwa hiyo sare, moja kwa moja. Wakati wa kutembea, chepesi kinashinda. Wakati wa kulenga, kizito kinashinda. Na tofauti ya mchi na mpini ni kubwa kuliko ya bunduki mbili halisi, kwa hiyo msije mkaenda dukani na mchi. Lakini somo ni lile lile. Ukitaka bunduki nyepesi, ujue umejiongezea mazoezi ya kuegemea: kwenye mti, kwenye kichuguu, kwenye ile miti mitatu iliyofungwa pamoja ambayo wafuata nyayo hubeba. Na kifyatulio kiwe laini, cha kilo moja na kidogo. Bunduki ya kilo mbili yenye kifyatulio cha kuvuta kwa kilo tatu utaivuta yote pembeni kabla risasi haijatoka.

BEKI ANAYEFUMBA MACHO

Kuna jambo la tatu ambalo mchi hauwezi kulionyesha, nalo ni teke.

Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Risasi ikiwa ile ile, nguvu ya teke inapanda kadiri uzito wa bunduki unavyoshuka. Punguza uzito kwa nusu, teke linakuwa mara mbili. Halina mjadala, hiyo ni fizikia ya sekondari. Teke la bunduki nyepesi pia linakuja kwa kasi, kama ngumi ya ghafla badala ya kusukumwa.

Wale wa mpira mtanielewa kwa mfano huu. Mpira wa kona umepigwa, beki anaruka, na kabla mpira haujafika anafumba macho. Ana kimo, ana nguvu, lakini mpira unamgonga utosini na kwenda kumtengenezea straika wa timu pinzani. Hakushindwa na mpira. Alishindwa na maumivu ambayo bado hayajafika.

Mpiga bunduki naye yuko hivyo hivyo. Ukipigwa teke mara tatu nne za kuumiza, bega linajifunza. Mara ya tano, kabla kidole hakijamaliza kuvuta, mwili umeshajikunja na macho yameshafumba. Mtutu umeshuka, na kosa dogo la kidole kwenye mtutu ni kosa la shubiri na zaidi kule mbele. Tofauti ni kwamba beki akikosea tunafungwa goli moja. Huku kuna mnyama aliyepigwa tumboni, anayekimbia na maumivu yake vichakani.

SIKIO LA KUSHOTO

Hapo Mjomba alinyamaza kidogo. Kisha akasimulia kitu ambacho Binamu mwenyewe alikuwa hajawahi kukisikia chote.

Mgeni mmoja alikuja na bunduki mpya, nyepesi sana, ya risasi kubwa. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, na ya kitalu sitaitaja. Kwa kuwa teke lake lingevunja bega, mdomoni mwa mtutu ilikuwa imefungwa kizibo cha chuma chenye matundu pembeni. Kazi ya kizibo hicho ni kutoa ule moshi na hewa ya baruti kwa pembeni badala ya mbele tu, ili bunduki isirudi nyuma sana. Bega la mpigaji linapona. Lakini kelele yote inageuzwa kwenda kwa waliosimama pembeni.

Aliyesimama pembeni alikuwa Mjomba. Alikuwa ameishika ile miti mitatu, mtutu umelala juu yake, tandala dume amesimama kwenye mwanya wa vichaka kama mita mia na hamsini. Hakuna aliyemwambia azibe masikio, na hakupewa kitu cha kuzibia.

“Nikasikia kengele,” akasema. “Kengele kubwa, kama ya kanisani, ndani ya kichwa. Ilipoisha nikasikia kimya. Upande huu,” akagusa sikio la kushoto, “kimya hicho hakijaondoka mpaka leo.”

Wataalamu wa usikivu wanasema mlio mmoja tu wa zaidi ya desibeli 140 unaweza kuharibu sikio moja kwa moja. Bunduki za kuwindia zinavuka hapo hata bila kizibo. Kizibo kinaongeza.

Na tandala? Pamoja na kizibo, mgeni alikuwa ameshaiogopa bunduki yake tangu siku ya kupima shabaha kambini. Alifumba macho. Risasi iliingia tumboni. Walifuata damu kuanzia asubuhi ile mpaka jua linazama, tone hapa, tone pale kwenye jani, Mjomba akiwa mbele na sikio moja, kwenye vichaka ambavyo mnyama aliyejeruhiwa unaweza kumkanyaga kabla hujamwona. Giza likawafukuza. Kesho yake walikuta pembe, nywele na nyayo za fisi.

Kwa taratibu za uwindaji, mnyama uliyemjeruhi akapotea anahesabiwa umemuua, na ada yake unalipa.

“Mgeni alilipa ada ya tandala,” Mjomba akamalizia. “Sikio langu halikuwa kwenye orodha ya ada.”

Nilimwangalia Binamu. Simu ilikuwa imelala kifudifudi mezani.

HESABU YA KILO KAMILI

Asubuhi yake tulikaa na karatasi, tukafanya usajili kama benchi la ufundi linalojielewa. Nawapa tulivyokwenda.

Kwanza mnyama, bunduki baadaye. Nyati tulimtoa mapema, kwa huyo kambi ina .375 zake na zibaki huko. Bunduki ya Binamu ni ya swala pala, tohe, kongoni, na siku akiruhusiwa, tandala. Kwa orodha hiyo risasi ya .308 inatosha, 7mm-08 inatosha, na hata ile ya Bell bado inatosha. Hakuna sababu ya kubeba risasi kubwa kwenye bunduki nyepesi ili kumwangusha tohe.

Pili, pima bunduki ikiwa imevaa. Kilo za kwenye tangazo ni za bunduki tupu, kama mchezaji anayepimwa bila viatu. Tuliweka darubini ndogo gramu 400, vishikizo vyake 100, mkanda 150, na risasi nne karibu 100. Ile ya kilo 2.2 ikawa na kilo 2.95. Nyingine ya kilo 2.9 ikawa na kilo 3.65. Ukigawanya hizo mbili, kwa risasi ile ile, nyepesi inapiga teke karibu robo zaidi. Na kuna watu wananunua bunduki nyepesi kwa bei kubwa halafu wanaweka juu yake darubini nzito kama tochi ya mlinzi. Kilo walizolipia zote zimerudi.

Tatu, ikutoshe mwili. Kitako kirefu kitanasa kwenye shati. Kikiwa kifupi jicho linakaa karibu na darubini, na teke la haraka litakuachia alama ya mwezi mchanga juu ya nyusi. Acha kama sentimita tisa kati ya jicho na kioo. Anayetumia mkono wa kushoto atafute yenye komeo upande wa kushoto. Mpira wa kitakoni uwe laini na mnene, maana huo ndio uzito mdogo unaofanya kazi kubwa.

Nne, ishike mikononi uone imeelemea wapi. Kama mdomo unaruka juu kama ulivyofanya mpini, ujue uzito umekatwa sana mbele. Bora ielemee mbele kidogo.

Tano, kizibo cha matundu. Kama bunduki haibebeki bila kizibo, hiyo bunduki si yako. Na ukiwa nacho, kila aliye pembeni yako awe ameziba masikio kabla hujagusa kifyatulio, kuanzia mfuata nyayo.

Sita, chemba iwe tupu wakati wa kutembea. Hili Mjomba alilisema mara tatu. Bunduki nyepesi inachezewa kirahisi begani, na aliye mbele ya mtutu wako ni mtu anayeangalia chini, amekupa mgongo wake.

Na kabla ya yote hayo, karatasi. Kumiliki silaha kuna leseni yake, ya polisi. Kuwinda kuna kibali chake, cha mamlaka ya wanyamapori. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Wapo pia wasomaji wasiotaka kusikia habari za uwindaji kabisa; majirani zetu Kenya waliupiga marufuku mwaka 1977. Huo ni mjadala halali na una siku yake. Lakini kwa kuwa hapa kwetu unaruhusiwa, basi afadhali anayekwenda porini aende na bunduki anayoweza kuilenga macho yakiwa wazi.

MATOKEO

Binamu hajanunua bado. Lakini picha ya zamani imefutwa kwenye simu. Anayoitafuta sasa ni ya kilo 2.9, .308, mtutu wa inchi 22, kitako cha sintetiki, bila kizibo. Hela iliyobaki ataiweka kwenye risasi za mazoezi na vifaa vya kuziba masikio, jozi mbili. Nilimuuliza kwa nini mbili, akaniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini kipa anavaa glovu zote mbili.

Jioni ya mwisho tulikaa nje, mkaza mjomba akipima asali ya mteja. Binamu alipita nyuma ya kiti cha baba yake, upande wa kushoto, akasema kitu kwa sauti ya chini. Mzee hakugeuka. Binamu akazunguka, akaja upande wa kulia, akachuchumaa.

“Baba, nimesema hivi, ikivaa kila kitu inakuwa kilo tatu na nusu na kidogo. Karibu sawa na mchi wa mama.”

Mjomba akatikisa kichwa taratibu.

“Hapo nimesikia,” akasema.